Upande Alioufunga Rosaire

Saint-Agathe, Maine
19 Juni

Mdogo wangu mpendwa Rosaire,

Nakusalimu kwa upendo wote wa dada, wewe pamoja na wifi yangu Denise, na Camille na Luc ambao nawaita watoto ingawa najua wamekwisha kunipita urefu. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na mgongo wako, ambao Denise aliutaja kwenye kadi ya Krismasi, umepata nafuu. Huku kwetu tupo. Theluji ya mwisho iliondoka wiki ya kwanza ya Mei, viazi vimeota vizuri, na inzi weusi wanatutafuna kama ilivyo desturi yao kila Juni.

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu kwenye bahasha nene namna hii. Miaka kumi na minne mimi na wewe tumekuwa watu wa kadi moja kwa mwaka, na hata hizo kadi Denise ndiye anayeandika, wewe unatia jina tu. Silaumu. Nakuomba jambo moja: uisome hadi mwisho, hata ukifika katikati ukatamani kuitupa motoni.

Nianze na Baba. Figo zake zimechoka. Tangu Novemba damu yake husafishwa kwa mashine mara tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa nne nzima amekaa kitini. Kwenda tu ni mwendo wa dakika hamsini, na barabara unaijua. Ana miaka themanini na mmoja na ulimi wake bado una makali. Wauguzi anawaita mapolisi kwa sababu wamempigia marufuku viazi. Fikiria, Rosaire, mwanamume aliyelima viazi miaka hamsini anaambiwa viazi vitamuua! Siku aliyoambiwa alimtazama daktari akasema, "Kijana, hivyo ndivyo vilivyonizaa." Lakini anatii. Anakula chapati zake za ploye na kuku, anakunywa maji kwa kikombe kidogo walichompimia, na kila tukirudi nyumbani anawashukuru wale mapolisi wake mmoja mmoja kwa majina.

Gari linalompeleka ni lile lile. Naam, pikapu ile ya kijani. Baba hakukubali kuiuza. Kila vuli anaipaka mafuta mazito chini ili chumvi ya barabarani isiile, na kwa miaka mingi yalisaidia. Mwaka huu hayakutosha. Mwanzoni mwa Mei niliipeleka kwenye ukaguzi, na fundi wa pale, kijana mpole tu, akaingiza nondo fupi chini ya gurudumu la mbele, akakandamiza, gurudumu likacheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Akaniita nione mwenyewe. Ile mikono miwili ya chuma inayoshika magurudumu ya mbele kutoka chini, wewe unaijua kuliko mimi, bushi zake za mpira zilikuwa zimekatika vipande, na viungo vyake vya nje vimelegea. Akaniambia, "Mama, kibandiko cha ukaguzi sikupi. Nikikupa, nitakuwa nimeandika cheti cha kifo cha mzee wako."

Nilirudi nyumbani mwendo wa kobe. Karakana zote za hapa Bondeni zilikuwa na foleni ya wiki tatu, na Baba hawezi kukaa hata siku nne bila ile mashine. Gari langu dogo nililiuza baada ya mume wangu Alban kufariki. Jioni ile sikujua nishike wapi.

Hapa ndipo ninapotaka uujue wema tuliotendewa. Sijui nani alimwambia nani, lakini Jumapili baada ya Misa nilikuta karatasi imebandikwa kwenye ukumbi wa parokia yenye majina ya watu watakaompeleka Baba, siku moja moja, kwa mwezi mzima. Walikuwamo watu ambao sijawahi kuwapelekea hata kikombe cha sukari. Mzee mmoja wa miaka sabini na tisa, ambaye mimi ningemkataza kusukuma hata toroli, aligombana na mwenye kuandika kwa sababu alipewa zamu moja tu. Baba alikwenda matibabu kwa magari ya kila namna, hata kwa lori la maziwa. Kila nikikumbuka karatasi ile machozi hunitoka.

Na zaidi ya hao wote, Fernande Soucy. Unamkumbuka, mlisoma darasa moja, akaenda pwani kuchomelea meli. Amestaafu, amerudi miaka mitatu sasa, anakaa ile nyumba ya ng'ambo ya shamba letu. Alinikuta nimekaa kwenye ngazi za jikoni nalia. Nikamwambia ni inzi weusi wameniuma machoni. Akauliza, "Hao inzi wana majina?" Nikamweleza. Akasema mikono mipya ya chuma inanunuliwa, zana anazo, banda la Baba lina sakafu ya saruji, kwa hiyo kilichobaki ni mtu wa kulala chini ya gari, maana goti lake yeye halikunji tena. Nikamuuliza huyo mtu tutampata wapi. Akanitazama kama mtu anayepima nguo.

Basi ndiyo hivyo, mdogo wangu. Dada yako, mwenye miaka hamsini na sita, aliyekuwa hajui spana ya namba gani inaingia wapi, alivaa ovaroli la marehemu mumewe akalala chini ya pikapu.

Tulianza na upande wa kushoto. Fernande alinifundisha kusugua bolti kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, kisha nizipulizie mafuta ya kulainisha kutu asubuhi na jioni, siku mbili mfululizo, bila kuzigusa kwa spana. Nilitaka kuanza siku ya kwanza. Akanikatalia, akasema kutu ya miaka yote hiyo haijui adabu, lazima uitangulizie zawadi. Siku ya tatu tuliinua gari kwa jeki, tukaliweka juu ya vigogo vya chuma, tukaondoa gurudumu. Nikavalisha bomba refu kwenye mpini wa spana, nikakanyaga ukuta kwa miguu yote miwili, nikavuta. Nati ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia, ikakubali. Nilipiga vigelegele. Fernande akaniambia, "Nyamaza wewe, bwana harusi bado yuko ndani."

Kweli alikuwa ndani. Bolti yenyewe ilikuwa imeshikana na kile kibomba cha chuma kilichomo ndani ya bushi, vimekuwa kitu kimoja. Nikiizungusha, mpira unajipinda nayo, nikiiachia inarudi pale pale. Niliipiga kwa nyundo, pole pole kwanza. Fernande akasimama juu yangu akasema, "Clothilde, hiyo bolti unaichumbia? Ipige!" Nikaipiga. Niliipiga mpaka ncha yake ikapanuka kama uyoga, na haikusogea hata unene wa ukucha. Tukaleta gesi tukaipasha moto. Chuma kikawa chekundu, mpira wa bushi ukashika moto, moshi mweusi ukajaa banda zima ukatoka hadi kwenye dirisha la Baba. Akalifungua akapiga kelele, "Mnatengeneza gari au mnachoma maiti?" Fernande akamjibu kwamba bado hatujaamua, afunge dirisha lake.

Mwisho tulishindwa kwa amani, tukaikata. Fernande alileta msumeno wa umeme wenye ulimi mrefu mwembamba, nikaupenyeza kati ya bushi na kile kishikio cha kwenye chesisi, upande huu, kisha upande ule. Bolti mbili, mikato minne. Cheche ziliniingia ndani ya kola. Tulivunja ndimi saba za msumeno, tukatumia siku mbili nzima, na mkono ule mkuukuu ulipoanguka sakafuni kwa kishindo, Fernande alivua kofia yake akainamisha kichwa kama mtu aliye msibani. Tulicheka mpaka nikajishika mbavu. Sijacheka hivyo tangu Alban azikwe.

Kwa kuwa upande mmoja ulitutesa namna ile, tulinunua ndimi nyingine sita kwa ajili ya upande wa kulia. Upande wako, Rosaire, ule ulioufunga wewe wiki ile ya ajali ya Baba. Asubuhi ya Jumamosi ile nilijifanya nina kazi jikoni. Nilifua, nikapiga pasi mpaka mataulo. Fernande alikuja mwenyewe kunitoa, akaniuliza kama nasubiri kadi ya mwaliko.

Nikaingia chini. Nikaanza kusugua tope na mafuta makuukuu kwenye nati ya kwanza, na brashi ikafunua kitu cheupe. Niliacha kusugua. Fernande akauliza nimeona nini. Akapiga goti lake zima, akainama kwa shida na taa mkononi, akafuta kwa tambara. Ulikuwa mstari wa rangi nyeupe, mwembamba, umeanzia kwenye chuma cha kishikio, ukapanda juu ya nati, ukaishia kwenye ncha ya bolti. Ulikuwa umenyooka. Haukukatika mahali popote.

Niliutambua kabla hajanieleza. Ulikuwa ukiiba ile chupa ya wino mweupe ya Mama, aliyokuwa akifutia makosa kwenye mashine ya kuchapa ya parokia, na yeye akilalamika kwamba haimalizi mwezi. Fernande alieleza tu kile nilichokuwa nakijua, kwamba fundi anayeijali kazi yake akishakaza nati hupaka mstari juu yake, na nati ikilegea hata kidogo mstari huvunjika, kipande kimoja kikaenda huku na kingine kikabaki. "Hii haijasogea tangu siku ilipopakwa," alisema. Akasafisha ya pili. Ilikuwa vile vile.

Kisha akanipa spana. Nilivuta mara moja, Rosaire, bila bomba, na nati ikafunguka kwa utulivu. Bolti niliisukuma kwa ncha ya patasi, nikaimalizia kuitoa kwa vidole. Ilitoka imevaa grisi ya rangi ya shaba, bado laini, kana kwamba uliipaka Jumapili iliyopita. Fernande akaingiza kidole kwenye tundu la kishikio akakizungusha. Akasema bolti iliyolegea hula tundu lake likawa kama yai, na hili lilikuwa duara kama pete. Robo saa tu, mkono wote ukawa chini. Zile ndimi sita za msumeno bado ziko kwenye karatasi yake.

Lakini Fernande hakushangilia. Aliuchukua mkono ule wa zamani akaulaza juu ya ule mpya mezani. Ulikuwa umepinda. Akarudi na taa kwenye chesisi akanionyesha kovu kuukuu, mahali ambapo chuma kilibonyea. Ndiyo maana, alisema, tairi ya kulia ya gari hili imekuwa ikilika upande mmoja miaka yote hii. Mkono huu uligongwa na kitu kigumu gari likiwa linatembea. Akaniuliza siku ile ya ajali Baba aligonga mti kwa upande gani. Nikamwambia kwa mlango wake, upande wa kushoto. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akasema taratibu kwamba basi kipigo hiki kilikuja kabla ya ajali, na kwamba kilichovunjika mlimani siku ile kilikuwa kile kiungo cha nje kilichokwisha kupasuliwa na kipigo, wala hakikuhusiana na nati zako.

Akaendelea kusema, na haya nayaandika kwa ruhusa yake. "Na mimi nilikuwa naisimulia. Kule kwenye meli, mtu akifunga kitu ovyo ovyo, nilikuwa namwambia asinifungie kama Rosaire Daigle. Watu wakicheka. Miaka mingapi? Mungu anisamehe."

Halafu akanitazama. Fernande si mtu wa kuzunguka. Akaniuliza, "Ulikuwa unajua?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Hakunitukana. Alifuta mikono kwa tambara lililo chafu kuliko mikono yenyewe. Kisha akasema, "Tufunge hii mipya kwanza, mzee ana matibabu Jumatatu. Halafu uingie ndani useme. Na usinawe mikono. Ukinawa utapata muda wa kufikiri."

Tukafunga. Nilipaka grisi kila bolti kama ulivyofanya wewe. Nilikuwa karibu nizikaze gari likiwa bado juu, akanizuia, akanifundisha kwamba bushi zikikazwa magurudumu yananing'inia zitajipinda na kukatika mapema, kwa hiyo gari lishushwe kwanza, lisimame kwa uzito wake, ndipo zikazwe mara ya mwisho. Nilifanya hivyo. Nilizikaza sawasawa.

Sasa, mdogo wangu, nikuambie nilichomwambia Baba.

Ilikuwa Jumapili moja ya Machi, siku tano baada ya wewe kubadilisha mkono ule. Baba alikuwa ukumbini anacheza karata. Alban alikuwa na gari letu. Nilichukua funguo za pikapu kwenye msumari, nikavuka daraja kwenda upande wa Kanada. Nilikwenda kumwona mwanamume ambaye hakuwa mume wangu. Halikuwa jambo la siku moja, na halikuwa upendo mkubwa wa kujitetea nao. Wakati wa kurudi, kwenye kona ya baada ya kanisa, kulikuwa na barafu chini ya matope ya theluji. Gari liliteleza, gurudumu la kulia likapiga ncha ya saruji ya kalavati kwa nguvu zote. Usukani ulivuta kulia hadi nyumbani. Nilijua kuna kitu kimeharibika. Niliegesha pale pale nilipolikuta, nikafuta tope la mbele, nikarudisha funguo kwenye msumari. Kusema nimegonga wapi kulikuwa ni kusema nilitoka wapi.

Nilijiambia nitapata kisingizio kesho. Kesho yake asubuhi Baba aliamka mapema kuliko mimi akaenda kuchukua kuni. Yaliyotokea mlimani unayajua. Mguu ulivunjika mara mbili, na nyonga. Yule mtu wa gari la kuvuta, ambaye alibadilisha kiungo cha nje tu wala hakutazama ndani, alisema mbele yetu sote, kando ya kitanda cha Baba hospitalini, kwamba kazi mpya ndiyo yenye kasoro, kijana hakukaza. Wewe ulisema, "Nilikaza. Nina hakika nilikaza." Ulimtazama Baba, ukamtazama Alban, ukanitazama mimi. Mimi nikatazama dirisha.

Sijaisahau hata siku moja, Rosaire. Nilikuwepo Baba alipokuambia usikanyage tena kwake, nawe umesimama na kofia mkononi. Nilikuwepo mwenye karakana ulikofanya kazi alipokuambia hakuhitaji tena. Niliona wanaume uliowatengenezea magari bure wakivuka barabara ili wasikusalimu. Nilikuwa nimesimama jikoni ulipopakia masanduku yako. Denise alikuwa na mimba ya Luc. Nilikupa keki. Ulipoteza nyumbani kwenu na jina lako, mimi nikakupa keki.

Mwanzoni nilimwogopa Alban. Alipofariki, miaka sita iliyopita, sikuwa na wa kumwogopa tena, na bado sikusema. Sina sababu nzuri ya kukupa. Niliogopa Baba asinitazame tena, na nilikuwa nimezoea kuwa mtoto mwema aliyebaki nyumbani. Ukweli ndio huo, nao ni mdogo na mbaya.

Baba alikuwa jikoni anasikiliza redio. Nilisimama mbele yake na mikono yangu michafu nikamweleza yote, na lile la daraja pia. Aliizima redio. Aliniuliza jambo moja tu, kama wewe unajua. Nikamwambia hujui. Akasema, "Kwa hiyo miaka kumi na minne nimemfungia mlango mwanangu asiye na kosa, na mwenye kosa ndiye anayenipikia." Akaingia chumbani kwake. Siku tatu hakuniambia neno. Jumatatu watu wa parokia walikuja kumchukua, akapita mbele yangu kama mtu anayepita mbele ya kiti. Nilistahili.

Jumanne nililipeleka gari kupangwa magurudumu, likapewa na kibandiko chake. Sasa linakwenda moja kwa moja hata ukiachia usukani, kitu ambacho halijafanya tangu siku ile ya kalavati. Jumatano asubuhi Baba alitoka amevaa koti lake, akapanda ndani, tukaondoka. Tulipofika pale mlimani akaniambia nisimamishe. Tulikaa tunautazama ule mti. Mwisho akasema alikuwa akilala hospitalini akikumbuka kwamba hukujibu neno alipokufukuza, na kwamba wakati ule alidhani ni kiburi cha mwenye hatia. Akasema, "Mtu aliyesema kweli mara moja, atasema nini tena?" Kisha akalia, Rosaire. Sijawahi kumwona Baba akilia, hata Mama alipofariki. Nilimshika mkono, naye hakuuondoa.

Siku hiyo hiyo, akiwa kitini, bila kuniambia, alimwita mmoja wa mapolisi wake akamuuliza kama mtu wa figo anaweza kusafiri. Wakamwambia inawezekana, kwamba wanaweza kumwombea nafasi kwenye kituo kilicho karibu na kwenu, wiki moja, mradi wajue mapema. Nilipokuja kumchukua nikakuta amekwisha kuandikisha jina la mji wenu na namba ya nyumba yako, ambayo sikujua kwamba ameikariri.

Kwa hiyo hii ndiyo haja yetu. Viazi vikishavunwa, wiki ya pili ya Oktoba, Baba anataka kuja kwako. Nimemwambia akupigie simu kwanza. Amekataa. Anasema simu inaficha uso, na jambo alilo nalo anataka kulisema akiwa amesimama mbele yako, mbele ya mkeo na watoto wako, ingawa ule mguu haumsimamishi kwa muda mrefu. "Mwandikie," ameniambia. "Mwambie nitasimama."

Mimi ndiye nitakayemleta. Lakini sikuombi unipokee. Sikuombi hata unijibu mimi. Ukitaka, mjibu yeye. Nitamfikisha mlangoni kwako, nitamshusha pamoja na sanduku lake la dawa na karatasi ya vyakula alivyokatazwa, nami nitakwenda kukaa nyumba ya wageni mpaka siku ya kumrudisha. Ukinitaka nisikanyage kizingiti chako sitakikanyaga, na sitaona umenionea. Hapa Bondeni nimeanza kusema ukweli nyumba kwa nyumba. Nilianza na ile karakana iliyokufukuza. Wengine wananisikiliza, mmoja alinifungia mlango, na Jumapili hii padri ameniruhusu kusimama baada ya Misa.

Hata hivyo niruhusu kukushukuru, kwa sababu hilo nalo ni la kweli. Ulimfungia Baba gurudumu lake vizuri kiasi kwamba lilimbeba miaka kumi na minne, na tangu Novemba hadi Mei lilimpeleka kwenye uhai wake mara tatu kila wiki. Uliikaza kazi yako wakati hakuna aliyekuwa anakutazama, na hukutusema vibaya kwa mtu yeyote tulipokufukuza. Nashukuru kuwa na ndugu wa namna hiyo.

Fernande anakusalimu sana. Anasema ana lake la kukuomba radhi, na hataki liwemo ndani ya barua yangu, atakuandikia yeye. Baba anakusalimu, na amenituma niwaulize Camille na Luc kama wanajua kucheza karata. Nifikishie salamu zangu kwa wifi Denise kama ataona vema kuzipokea. Mungu awatunze nyote, na mgongo wako upone.

Mimi ni dada yako,

Clothilde